Sululu Aliyebeba Mkoba

Na hilo la kunenepa, Baba, ni kweli tupu. Simu ilikatika kabla sijakujibu. Shikamoo. Natumai mgongo umepoa na Mama hajambo. Sisi tu wazima, na mimi ndiyo nanenepa kwa raha. Mkweo, huyo uliyembatiza Bwana Darubini, huniaga asubuhi, akafika ngazini, akarudi kuniaga tena kana kwamba anasafiri!

Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la rangi. Ijumaa huniruhusu nikae pembeni anapozungumza kwenye kompyuta na wenzake wa nchi nyingine. Wanawalinda sululu, wale ndege wa mdomo mrefu uliopinda, maana kila mwaka wanapungua. Kaskazini wanakoanguliwa, wakulima huchelewa kukata nyasi mpaka makinda yaruke. Nchi ya katikati imekataza kuwawinda. Zamu yetu ni kuwapumzisha kwenye matope ya ufukweni. Mume wangu husema nchi moja ikizembea, zote zimetwanga maji kwenye kinu.

Sululu mmoja alifungwa mgongoni kidude kinachokula jua na kutuma habari za alipo. Mama wa kaskazini aliyemfunga alimwachia mume wangu ampe jina. Akampa lile analoniitia mimi tukiwa wawili: Tunu. Nilicheka mpaka nikaona haya.

Juzi nukta ya Tunu kwenye ramani ikagoma kusogea. Wenzake mume wangu wakafurahi, wakidhani amepata malisho mema. Mimi nikaikuza ramani, nikaona paa letu la mabati mekundu la hapo nyumbani kwako, moyo ukanilipuka. Maana Mama alishanisimulia, huku akicheka, kwamba umenasa ndege aliyebeba mkoba kama mwanafunzi, mkamla, na mkoba ukauweka dirishani.

Nisamehe, Baba. Nilimwambia mume wangu yote. Alifuta miwani yake, akaniuliza kama ndege alikuwa mnono. Nikamjibu kwamba Mama alisifu sana mafuta yake. Akasema basi matope yetu yalimlisha vizuri. Halafu akawaandikia wenzake kwamba Tunu amekufa kwenye wavu wa baba mkwe wake. Nilimsihi asikutaje, akasema hawezi kudai ukweli kwa watu wa mbali huku anaficha wa nyumbani. Nilimpenda zaidi, Baba, na bado nilikulilia wewe.

Mama wa kaskazini alilia pia. Kisha akauliza kama fundi wa kunasa sululu angekubali kuwanasa wazima, wavishwe pete miguuni na kuachiwa. Kibarua kipo, jibu ni lako. Ila wa kuliwa, nakuomba, basi. Mume wangu atakuja kukuuliza mwenyewe, kama mwanao, bila askari nyuma yake.

Mpe Mama salamu zangu tele, na umwambie asihangaike na kitoweo, maharage yanatutosha. Mume wangu anakuamkia. Tunakuja wote wawili, Baba, kabla mwezi huu haujaisha.

Wako akupendaye,
Kitindamimba