Upindo wa Pazia

12 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na goti lako? Mimi sijambo. Nakula, naoga, naenda kazini.

Nataka pazia la kuzuia mwanga. Kiwandani wamenipanga zamu ya usiku, kwa hiyo nalala mchana, na jua la asubuhi linaingia moja kwa moja upande aliokuwa analala marehemu mume wangu. Dukani nimeona ya vibao vya plastiki na ya kuviringisha kwa kamba. Nichukue lipi? Wewe ndiye fundi.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, linatabiri mvua na mvua hainyeshi. Unakula nini? "Nakula" si jibu.

Sasa sikiliza. Mama yako anashona mapazia tangu hujazaliwa, halafu wewe unakwenda kushangaa ya dukani? Ala! Ya vibao yanavujisha mwanga kati ya kibao na kibao. Ya kuviringisha yanavujisha pembeni. Ukitaka giza ni kitambaa kizito chenye bitana nyeusi, kianzie juu ya fremu, kizidi kila upande kwa kiganja, kishuke mpaka sakafuni. Nipe vipimo nishone. Na upime kwa futi, ule utepe wa fundi, si kwa kamba kama mumeo Mrefu, Mungu amrehemu, aliyenishonesha pazia likatosha kuwa shuka.

Mama

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijambo.

Chumba cha kulala, upana sentimita 140, kutoka juu ya fremu hadi sakafuni 220. Sebuleni 180 kwa 220. Jikoni 90 kwa 100. Na bafuni kile kidirisha cha juu, 40 kwa 40. Yote bitana nyeusi. Nimepima kwa futi.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila karatasi yako iko mezani na mkasi umenishinda kushika. Watu wa zamu ya usiku nimewashonea wengi, walinzi, wauguzi. Wote hutaka la chumba cha kulala tu. Wewe unalala jikoni? Unalala bafuni? Kazini unaenda kweli? Niambie, roho yangu haijatulia.

Mama

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Samahani nimekaa kimya. Goti vipi?

Hakuna zamu ya usiku. Kiwandani sijakanyaga tangu tumzike. Usidhani nalia, sijalia hata siku moja. Sisikii kitu. Mwanga ukiingia naona vitu vyake, basi nataka usiingie. Nishonee tu, mama.

Mwanao

10 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Pole sana, mama. Nimelia mimi kwa niaba yako, kisha nikashona. Nimekutumia la chumba cha kulala. Mengine nimekataa. Nuna ukitaka.

Mama

19 Juni

Mama,

Shikamoo. Pazia limefika salama, asante. Ila umekosea. Ni fupi, limeishia kiganja kizima juu ya sakafu. Asubuhi mwanga unapita chini mpaka kwenye viatu vyake.

Mwanao

25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nikosee mimi? Tangu lini!

Kitambaa kilichobaki nimekikunja ndani ya upindo, na sindano nimeichomeka hapo hapo na uzi wake. Ukitaka giza lifike sakafuni, fumua ushushe mwenyewe, sitakugombeza. Mkono wangu mimi umekataa kukufungia humo ndani.

Mama

21 Julai

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje?

Sindano niliichomoa. Nikakaa sakafuni nifumue, uso wangu ukawa karibu na viatu, na mwanga unavipiga. Vimeota ukungu, mama. Viatu alivyokuwa anavipiga rangi kila jioni mpaka namcheka. Nikavifuta kwa gauni langu, na hapo ndipo nililia, nikalia mpaka jirani akaja kugonga mlango. Sasa viko dirishani, vinapata jua.

Upindo sijaugusa.

Uliniuliza nakula nini, sikukujibu. Chai tu, mama. Njoo.

Mwanao