Barua kwa Fundi Cherehani

Jumatatu, 9 Juni

Barua kumi na nne leo. Zote nimejibu kwa mkono, maana Mheshimiwa, mbunge wetu, hataki zichapwe — anasema watu hawaamini kompyuta, wanaamini wino. Mwenyewe hajashika kalamu tangu nianze kazi hapa. Sahihi yake naiweka mimi, mwaka wa sita huu. Naijua kuliko yangu.

Moja imenichoma. Fundi cherehani wa vibanda vya nyuma ya posta. Barabara inapanuliwa, wamechorewa alama nyekundu ukutani. Anasema amempigia kura mara tatu na hajawahi kumwomba kitu. Sasa anataka aambiwe ukweli tu: ahame au abaki?

Ukweli tu! Jibu letu la siku zote ni "suala lako tunalifuatilia". Leo nimeshindwa kuliandika. Nikaandika: Mama, usihame. Hakuna atakayegusa kibanda chako kabla sijafika mwenyewe.

Nikatia sahihi ya Mheshimiwa. Nikajisikia vizuri, basi.

Alhamisi, 19 Juni

Shemeji kaja anacheka. (Kaka wa mume wangu, katibu wa Mheshimiwa, ndiye aliyeniingiza kazini.) Eti kule vibandani upepo umegeuka. Mwaka jana walimzomea Mheshimiwa mpaka akapanda gari kiatu mkononi, sasa wanamsifu! Fundi amewasomea majirani wote barua, kaitia kwenye plastiki, kaitundika juu ya cherehani. Mheshimiwa kafurahi: watu wake wanamwelewa. Hakuuliza barua gani.

Chai imenishinda.

Jumatatu, 30 Juni

Vibanda vinavunjwa keshokutwa. Nimeiona karatasi mezani kwa shemeji, Mheshimiwa kakubali. Sahihi hii kaiweka mwenyewe — mbovu, imelala upande.

Nikamwambia shemeji yote. Afadhali angepiga kelele. Kafunga mlango taratibu, kasema: Kughushi sahihi ya mbunge ni jela, shemeji yangu, na hakuna aliyekutuma. Kiherehere chako. Kaa kimya, watalia wiki mbili, watasahau.

Miaka sita ya "weka tu sahihi, shemeji", leo hakuna aliyenituma!

Jumanne, 1 Julai

Mume wangu: nisimgombanishe na kaka yake. Kaishia hapo, kageukia redio. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Nimepita nyuma ya posta nikitoka kazini. Vibanda vya ng'ambo vimebaki vitupu, wenyewe wamehama na mabati yao. Upande wa fundi hajahama hata mmoja. Kinyozi anapaka rangi mlango. Anapaka rangi, jamani! Sikuthubutu kusimama. Naogopa jela, naogopa shemeji, na sasa namwogopa hata huyu mama ambaye hanijui.

Jumatano, 2 Julai

Saa tatu asubuhi. Naandika nikiwa kibandani kwa fundi, kwenye benchi la wateja.

Nimekuja. Nikamwambia ahamishe cherehani, wanakuja kuvunja. Kacheka. "Mwanangu, mimi nina mtu." Kanionyesha barua kwa kidole. Nikamwambia aliyeandika ni mimi, nafanya kazi ofisini kwa Mheshimiwa. Hapo kawaka! Eti nimetumwa na watu wa barabara nije nimtishe, nitoke.

Nikachukua chaki yake, nikaandika juu ya kitambaa: Mama, usihame. Chini nikaweka sahihi ya Mheshimiwa.

Kaangalia kitambaa. Kaangalia barua ukutani. Kaangalia tena kitambaa. Kakaa.

"Kumi na mmoja," kasema. Ndio majirani aliowazuia. Kinyozi alikuwa keshapata chumba kwingine, yeye ndiye aliyemrudisha.

Buldoza lilikuwa limeshaingia mwanzo wa mtaa, linasikika. Majirani wakajaa mlangoni, kinyozi mbele, wembe mkononi. Vipi mama, tumesikia huyu dada ni wa ofisini? Mheshimiwa kasemaje?

Nilifungua mdomo — naapa, nilifungua mdomo. Fundi kaniwahi.

"Tulieni. Yuko njiani."

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Na wametulia! Kinyozi karudi kumalizia kichwa cha mteja. Mwenye duka la soda kafungua redio.

Fundi kafuta chaki kwa kiganja. Kachukua mkoba wangu, kauweka chini ya cherehani, kaukanyaga kwa mguu mmoja, nisiondoke. Hanitazami. Anashona.