Nyasi Zilizokufa Combelle

Sauvagnac-le-Sec, Jumatano jioni

Baba mpendwa,

Pokea salamu za binti yako, ingawa kutoka chumba changu hiki juu ya posta naweza kuona moshi wa jiko lako ukipanda. Mimi ni mzima. Hofu yangu ni kwa goti lako, maana shangazi Lucette ameniambia ulitoka zizini ukiwa umelishikilia, na dawa yake ya kuchua ukaikataa ukisema inanuka kuliko kondoo. Je, kondoo wamezaa salama? Na mbwa wako Filou, bado umemnunia?

Utajiuliza kwa nini nakuandikia ilhali tunatenganishwa na mteremko mmoja tu. Baba, unanijua. Ukipandisha sauti kidogo, maneno yote niliyosomeshwa yananikimbia, nabaki kusema ndiyo. Karatasi haipandishi sauti.

Nianze na habari za ofisini. Meya, Bwana Delbreil, amenipa kazi ya kuandaa uamuzi wa baraza juu ya njia ya Combelle, ile unayotaka kijiji kikuuzie. Sheria yake unaijua vizuri kuliko unavyotaka watu wajue: njia ya mashambani ni ya wote maadamu watu wanaipita. Wakiacha kuipita imekufa, na iliyokufa huweza kuuzwa. Kwa hiyo uamuzi mzima umesimama juu ya neno moja, haipitwi. Nilichapa yote, ila mahali pa neno hilo nikaacha pengo. Meya aliponiuliza, nilimwambia wino umekwisha. Akaitazama karatasi iliyojaa wino juu hadi chini, kisha akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba mkataba wangu unaisha majira ya joto, na kwamba kazi hii niliipata kwa sababu wewe na yeye mmewinda nguruwe mwitu pamoja tangu ujana. Nilimshukuru kwa kunikumbusha. Lakini pengo halikujazwa.

Najua unavyowaita wanaopita huko kwa baiskeli: watu wa suruali za kubana. Nakubali, wale wa mjini wanaokuja kiangazi wanavaa kama mende wa rangi, na mmoja wao aliwahi kukuuliza kama kondoo wako wanauma. Lakini njia zile si zao peke yao. Kutoka chemchemi ya chini hadi kanisa la juu unaweza kuendesha asubuhi nzima juu ya changarawe nyeupe, kati ya kuta za mawe, usisikie gari hata moja. Unasikia tairi likisaga vijiwe na ndege shore wakigombana, basi. Combelle ndiyo fundo linaloshika kamba yote. Ikikatwa pale, mtu hana budi kushuka barabara ya lami, ambako malori ya machimbo yanapita kana kwamba yanafukuzwa. Bibi Odette Teyssèdre, aliyetuletea barua miaka yote ile, alisukumwa mtaroni na lori mara mbili akiwa na mfuko wa posta. Anasema atakufa, hilo halikwepeki, ila hataki kufa akiwa na namba ya gari imechapwa mgongoni.

Sasa nije kwenye ile siku ya ukaguzi, maana tangu siku ile hatujasemezana. Ulikuwapo, lakini nataka ujue mimi niliiona vipi.

Mkaguzi, Bibi Marchandeau, aliyetumwa kuangalia kama njia bado inapitwa, alikuja na buti zake za mpira, akauvuka mnyororo uliofungia njia bila kuomba msaada. Wewe ulimwambia hapapiti mtu. Yeye akatembea mpaka chini ya ule mwaloni mkubwa, akasimama. Pande zote nyasi zilikuwa zimefika magotini, lakini chini ya mwaloni, ukingoni mwa njia, palikuwa na upara wa udongo mtupu, mviringo kama sinia. Akakuuliza, kwa adabu, kama hapapitwi, nyasi zimekwenda wapi. Nikaona shingo yako inageuka nyekundu. Ukasema ni kondoo.

Hapo ndipo Bibi Odette, ambaye hakuna aliyemwalika, akauliza akiwa ameegemea baiskeli yake kama hao kondoo wanaruka mnyororo au umewachongea ufunguo. Hata meya alicheka, akajifanya anakohoa. Ukamjibu kwamba kikongwe asiye na kazi akalee wajukuu. Akasema wajukuu wake wana adabu kukushinda, na kwamba yeye Combelle anaipita, mnyororo upende usipende. Ukamuuliza mbele ya mkaguzi: baiskeli yako hiyo ya betri ni nzito kama ndama, wewe mwenyewe huwezi kuinua hata ndoo ya maziwa, nani anakubebea? Bibi Odette akatazama juu kwenye matawi, akasema leo hali ya hewa ni nzuri. Ukacheka wewe sasa. Mkaguzi akaeleza kwamba shahidi mmoja asiyeweza kusema anavukaje hatoshi, ila upara ule unamsumbua. Atasubiri kikao cha baraza Ijumaa, aone kama atajitokeza mwingine.

Wakati wote ule ulikuwa ukinitupia jicho. Nilijua maana yake. Nilikumbuka chakula cha usiku kile cha majira ya baridi, ulipofunga mapazia, ukaongeza sauti ya redio, ukaniinamia kana kwamba ukutani kuna watu. Ukaniambia nyasi zimeungua zenyewe chini ya mwaloni wa Combelle, na kwamba kila mtu wa huku anajua nyasi zikiungua vile chini ya mwaloni, uyoga mweusi uko udongoni, ule unaouzwa sokoni kwa bei ya dhahabu. Shida ni kwamba mwaloni umesimama ukingoni mwa njia, na kilicho njiani ni cha kijiji. Kwa hiyo ukafunga mnyororo kwanza, ukaomba kuuziwa baadaye. Kipande cha mkate kilinikwama kooni. Ukanipiga mgongoni ukidhani ni furaha.

Kwa hiyo mbele ya mkaguzi hukuweza kueleza upara ule. Mwenye uyoga hata padri hamwambii ulipo. Nakuelewa, Baba. Ungekubali kuitwa mwongo kuliko kulitaja neno hilo mbele ya Delbreil, ambaye kesho yake angekuwa pale na mbwa wake wa kunusa uyoga.

Sasa sikiliza, na tafadhali keti kwanza, kwa ajili ya goti.

Hapana uyoga Combelle. Nyasi zile hazikuungua. Tumezikanyaga sisi.

Kila Jumamosi, wewe ukiwa sokoni na wanakondoo wako, sisi tunapanda kutoka chemchemi: Bibi Odette, Fabien mwoka mikate, na mimi. Chini ya mwaloni ule ndipo tunapumzika. Tunaegemeza baiskeli shinani, tunazunguka na kupiga miguu chini tupate joto, Fabien anatoa mkate, Bibi Odette anakata jibini ya mbuzi kwa kisu chake cha posta. Tumefanya hivyo misimu na misimu, na nyasi haziwezi kustahimili viatu vya mwoka mikate. Ulipofunga mnyororo hatukuacha. Tulizidi, maana kupitisha baiskeli tatu juu ya mnyororo kunataka miguu mingi. Ile ya Bibi Odette, nzito kama ndama, ninaibeba mimi. Alitazama matawi siku ile ili asinitaje.

Na Filou umwombe radhi. Ulimpiga kofi kwa sababu alifukua pale akakuletea ganda la jibini, ukasema amepoteza pua, na Delbreil akakushauri umuuze. Mbwa wako alileta kilichokuwapo.

Nimekuandikia leo ili usiisikie kwa watu. Ijumaa, meya atakaponiambia nisome uamuzi, nitasimama kwenye lile pengo. Nitasema Combelle inapitwa, na mimi Maylis, karani wa kijiji na binti yako, ndiye ninayeipita. Uyoga sitautaja, aibu ya uyoga ni yako na yangu, itabaki mezani kwetu. Delbreil anaweza kuacha mkataba wangu uishe. Wewe unaweza kuniambia sina tena kiti kwako Jumapili. Nimeyafikiria yote mawili, na nakuambia kweli, naogopa ninapoandika haya. Acha niogope. Mguu hautaki ruhusa ya woga ili usukume pedali. Na usimtume shangazi Lucette aje kunilainisha. Nitampa kahawa, nitamsikiliza, na Ijumaa nitasimama vilevile.

Wewe mwenyewe ulinifundisha kuendesha baiskeli pale pale Combelle, ukikimbia nyuma yangu umeshika kiti, kwa sababu, ulisema, hakuna gari. Nilipogeuka ulikuwa umeshaniachia zamani. Basi usinishike sasa.

Nisalimie shangazi, umwambie dawa yake inanuka kweli lakini inafaa. Mpe Filou mfupa kwa jina langu. Jumamosi tutakuwa chini ya mwaloni kama kawaida. Kama bado unaamini uyoga, soko uliache siku moja, uje na jembe uchimbe mbele yetu. Kama huamini tena, njoo na kisu chako, jibini itatosha. Na ukiamua kuufungua mnyororo, usiutupe. Bibi Odette anautaka kufungia baiskeli yake nje ya kanisa.

Ni mimi, binti yako asiyejaza pengo,
Maylis Cantaloube