Majibu Niliyoyafuta kwenye Kitabu cha Danuta

Danuta, jirani yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha usiyoijua hata neno moja, kwa sababu Kiswidi chetu kilikuwa cha kuungaunga, na Kiingereza ndicho kilichotuponza. Najua barua hii hutaisoma. Watu wa kwetu wataisoma, na aibu hiyo inanitosha.

Ulinikuta kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, mtaa wa Bredäng huku Uswidi, nikipiga soga kwa Kiingereza cha kubahatisha na yule mgeni mwenzetu wa ghorofa ya pili. Kesho yake ukaja na kitabu cha mazoezi, ukaniuliza kama mimi ni mwalimu. Nikajibu, "Ja," yaani ndiyo. Nilikuwa nakunja mashuka, wala sikufikiri sana. Tangu hapo ukaniita "pani profesor", kama mnavyowaita walimu kwenu Poland, na mimi nikaitika.

Kwenu ulikuwa nesi. Hapa ulisafisha ofisi. Ulitaka cheti cha Kiingereza ili hospitali ya Ayalandi ikuajiri, ukaishi karibu na binti yako aliyekuwa na mimba ya kwanza. Kitabu kilikuwa kigumu. Unapewa neno utoe neno jingine, kama sisi tunavyopata "msomi" na "usomaji" kwenye "soma". Unapewa sentensi uigeuze, maana ibaki ileile. Nilikiomba nikae nacho, eti naandaa somo. Nikanakili majibu ya kurasa za mwisho kwa penseli kwenye kila pengo, kisha nikazichana kurasa zenyewe na kuzificha kwenye droo.

Nikakufundisha nilivyofundishwa Tanzania: mimi nasoma, wewe unarudia, mashine zinazunguka. Ukiuliza kwa nini, nasema, "Rudia tu, Danuta, itaingia." Na kweli iliingia. Ulikariri kitabu kizima. Nikikutajia namba ya swali tu, jibu linakutoka. Nikajiona mwalimu hodari.

Siku ya mtihani ulirudi ukanikuta palepale. "Pani profesor," ulisema, "sentensi zilikuwa nyingine."

Nikakwambia ni bahati mbaya. Ukapakia nguo zako kwenye kapu hata hazijakauka vizuri. Mjukuu alizaliwa ukiwa bado unasafisha ofisi, kisha ukarudi kwenu, kitabu ukaniachia mlangoni.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mwisho wiki hii, kadi yako ilipoingia: unajiandikisha upya, na unaomba nikutumie kitabu chenye majibu yangu.

Leo Jumapili nimekaa chumba cha kufulia na kifutio. Kila pengo nililolifuta nimejaribu kulijibu mwenyewe. Mengi yamenishinda, na sikushangaa, maana kidato cha nne nilipata F ya Kiingereza. Zile kurasa nilizozichana nimezirudisha kwa selotepu, uzitazame ukishajaribu. Ukurasa wa kwanza nimekuandikia kwa Kiswidi kwamba sijawahi kuwa mwalimu, na unisamehe ukiweza. Nimekukumbuka kuliko nilivyotegemea. Zamu yangu ya kufua siku hizi ni ndefu.

Kesho kitabu kinakwenda posta. Kikikufikia, usirudierudie. Jaribu, kosea, ujaribu tena. Na mimi huku nimenunua nakala yangu, haina kitu ndani.

Mwanafunzi mwenzako