Pikipiki Yenye Kukataa na Kichwa

Jumapili, 3 mwezi wa tatu 2002

Mikono ingali inauma. Naandika vibaya. Haizuru, nitasoma mimi mwenyewe tu.

Séphora, bibi yangu, yuko kwa wazazi wake ku Beni, commune ya Mulekera, juma ya pili sasa. Mimba ya miezi nane, ya kwanza. Mama yake, Mama Tamar, alisema mutoto wa kwanza anazaliwa karibu na nyanya yake, na maneno ikaisha. Mimi nimebaki Butembo na hesabu ya kufundisha na kitanda kikubwa.

Donc nilinunua pikipiki, nifike kwake kila mwisho wa juma. Pikipiki yoyote ingefaa. Lakini Zorobabel, yule wa boutique anayeleta vitu toka Kampala, alikuwa na moja imelala mu depot tangu mwaka jana: ya course, ya mashindano, nyekundu, ya kulaza tumbo juu ya réservoir ya mafuta kama mutu anachungulia kisima. Hakuna mutu aliitaka. Mimi niliitaka.

Jana, safari ya kwanza. Mwanzo, vizuri sana. Kwa kushuka mulima wa Kabasha, nilipofika soixante, sitini kwa saa, guidon, usukani, ikaanza kutikisika. Kulia-kushoto, kulia-kushoto, mbio mbio, kama kichwa ya mutu anayekataa. Nikaikaza na nguvu yote — ikazidi. Nikapunguza, ikatulia. Nikasema bon, imezoea sasa.

Kumbe ilikuwa inangoja wakwe. Walikuwa wamesimama mbele ya nyumba kunipokea, wote, na majirani. Nikaongeza moto kidogo, juu ya heshima. Guidon ikakataa tena. Nikapita kando ya papa mukwe, nikaingia mu mukeka ambapo Mama Tamar alianika unga ya muhogo. Nilitoka mweupe toka nywele mpaka viatu. Séphora alicheka mpaka mama yake akaogopea mimba.

Papa Kasonia, mukwe wangu, hakucheka. Alikuwa fundi ya usine, kiwanda cha kahawa, miaka ishirini. Sasa usine imefungwa, anatengeneza moulins, mashine za kusaga za watu. Hakuniangalia mimi. Aliangalia guidon.


Jumanne, 5 mwezi wa tatu

Ku phonie, redio ya paroisse hapa Butembo, kusikia habari ya Séphora. Phonie ni hivi: unasema, unamaliza na "à toi", zamu yako, na mustari yote ya watu nyuma yako inasikia kila neno. Badala ya Séphora, ni Papa Kasonia alikamata micro.

"Mwalimu, hiyo kitu yako inakataa na kichwa. Mimi sitapandisha binti yangu na mujukuu wangu juu ya kitu inasema hapana kabla haijaulizwa. Weka amortisseur de direction. Kama hapana, utakuja na miguu. À toi."

Nilisema ndiyo Papa, à toi. Mustari yote ikacheka. Nyuma yangu kulikuwa mama wa mwanafunzi wangu moja. Najua kesho itakuwa namna gani.


Jumatano, 6

Mutu alichora pikipiki ku tableau ya darasa. Iko na macho, na inakataa na kichwa. Kazi nzuri kweli. Nilifuta, tukaanza hesabu.


Alhamisi, 7 mwezi wa tatu

Nimeenda kwa Phinées, fundi wa karibu na soko. Amenielezea. Amortisseur de direction ni kama pompe ndogo yenye mafuta ndani. Upande moja unafunga ku fourche, uma wa gurudumu ya mbele, upande ingine ku châssis, mwili wa pikipiki. Ukigeuza guidon polepole, inaachia. Guidon ikitaka kutikisika yenyewe mbio mbio, mafuta inaikataza.

Njia ziko tatu, anasema. Ya kwanza: ile ya kweli, ya pikipiki ya course, mpaka Zorobabel aende Kampala. Ya pili: ya jeep ya zamani, eko nayo. Ya tatu: chambre à air, mupira wa ndani ya gurudumu, unafunga guidon na châssis kama muzigo.

Tulijaribu ya tatu, sababu ilikuwa karibu. Kila nikigeuza, guidon inakimbia kurudi katikati. Nilifika tu mpaka ku mama anayeuza ndizi. Tukaitoa.

Nimechagua ya jeep. Kampala ni mbali, na mutoto hangoji.


Jumamosi, 9 mwezi wa tatu

Siku nzima ku atelier ya Phinées. Ya jeep ni nene kama mukono wangu. Phinées alisouder, aliunganisha na moto, bitako bya chuma mbili bya kuishikilia, akafunga, akapangusa, akasema imeisha. Guidon nzito, imara. Nikafurahi sana.

Nikageuza kushoto: inaenda yote. Kulia: vidole viwili, halafu tok. Pompe imefika mwisho.

Nilimwambia Phinées haigeuki kulia. Akaniuliza kwa siku nageuka kulia mara ngapi. Swali ilinishika, nikaanza kuhesabu kweli. Shule ya masomo ni kushoto. Nyumbani ni kulia. Kanisa ni kulia. Akasema mutu akigeuka kushoto mara tatu ni sawa amegeuka kulia mara moja, na mimi mwalimu wa hesabu nilipashwa kulijua.

Ni kweli. Nimerudi nyumbani kwa kushoto tatu.


Jumapili, 10

Nimechelewa misa. Kushoto ya pili ilikuwa na matope.


Jumatano, 13 mwezi wa tatu

Leo nilikaribia kupoteza pikipiki.

Baada ya masomo nilitoka kuijaribu ku barabara ya Beni. Ku barrière ya barabara, soda moja, askari kijana, akanionyesha na bunduki: range, simama kulia. Nikasimama katikati. Akaonyesha tena. Nikamwambia na heshima, chef, hii pikipiki hapana kujua kulia, inajua kushoto tu. Akaona nachezea uniforme. Akaita adjudant, mukubwa wake.

Adjudant, mutu munene, alitoka na sahani ya maharagi mu mukono. Watu wanasema wanatafuta pikipiki za kupeleka mbele kwenye vita. Wiki hii wamekamata mbili. Alizunguka yangu mara mbili na macho ya mutu anayenunua ngombe. Akaniambia shuka. Nikashuka. Nilifikiri Séphora, kilomètre cinquante-quatre, hamsini na nne, na miguu.

Akampa kijana sahani, akapanda. Akazunguka uwanja kwa kushoto. Akazunguka tena kwa kushoto. Alitaka kurudi kwetu, lakini tulikuwa kulia kwake. Ku mara ya nne watu wa lori iliyosimama walianza kuhesabu kwa sauti. Akazima, akasukuma mpaka kwangu, jasho ku shingo.

"Na kama adui anatoka kulia?" akaniuliza.

Alikuwa anauliza kweli. Nikamwambia sijui, chef. Akafikiri kidogo, akachukua sahani yake, akaniambia niende na ugonjwa yangu.

Phinées sasa anajisifu mu soko yote eti aliokoa pikipiki.


Jumatatu, 18 mwezi wa tatu

Zorobabel amerudi toka Kampala. Ameleta! Amortisseur ya kweli, occasion, iliyotumika, ya rangi ya zahabu, ndefu kama kalamu mbili. Iko na kibouton cha kuzungusha: clic, clic, kumi na nane. Moja ni laini, kumi na nane ni ngumu. Lakini bila vyuma vya kuifungia. Ni ya pikipiki ingine.

Phinées aliposikia alikuja mpaka ku masomo. Kesho asubuhi atasouder, anasema, na mara hii atapima kwanza. Nilikubali.

Halafu nikaenda ku phonie kumupa papa mukwe habari njema. Akauliza nani ataifunga. Nikasema Phinées. Akauliza kama ni yule wa kushoto tatu. Hiyo habari ilifikaje Beni, mimi sijui. Akasema mutu asiiguse, niilete vile iko, yeye mwenyewe ataifunga. À toi.

Donc nilipashwa kuchagua tena, na si amortisseur. Nimemuomba Phinées msamaha. Amesema anaelewa, mutu hachagui fundi juu ya mukwe. Lakini aliondoka bila kuniaga.


Jumapili, 24 mwezi wa tatu

Sikukuu ya Matawi. Barabara ya Beni imefungwa siku ya tano. Basoda wanapita, mizigo haipiti. Wengine wanasema wanapigana upande wa juu, wengine wanasema ni kubadilisha vikosi tu. Mimi nasikiliza wote wawili na sijui kitu.

Ku phonie mara hii ni Séphora mwenyewe. Miguu imevimba. Mutoto ameshuka, anasema. Nikaanza kumuelezea clic kumi na nane. Akaniachia nimalize. Halafu:

"Usikimbie, Lusenge. Lakini kuja. À toi."

Mustari nyuma yangu, mara ya kwanza, haikucheka. Nilishikilia micro na mikono mbili. Mama moja akanigusa bega, akasema, jibu basi, mwalimu. Nikasema nakuja.


Alhamisi, 28 mwezi wa tatu. Beni.

Barabara ilifunguliwa jana. Asubuhi nilitoa ile ya jeep mimi mwenyewe, sababu njia ya Beni iko na kulia nyingi. Ya zahabu niliifunga mu chemise, shati yangu ya Pasaka, ndani ya sac ya mugongo. Nikatembea trente, thelathini kwa saa, kila kipande, hata ku mulima. Velo moja, baisikeli ya kubeba muhogo, ilinipita kwa kushuka. Masaa mbili. Guidon ilitikisika mara mbili tu.

Séphora amekuwa mukubwa kama nyumba. Nilitaka kumukumbatia, nikakosa pa kuanzia. Akacheka, akalia, akaniuliza kama nimekula.

Papa Kasonia alikamata sac kabla ya kunisalimia. Akaifungua ku meza, akavuta ile pompe polepole, akaisukuma polepole, na sikio karibu. Kisha akasema wasingya, asante, na chini chini, kwa pompe. Halafu akanipa mukono.


Jumamosi, 30 mwezi wa tatu

Karibu saa tano na nusu, asubuhi. Niko mu kiwanja, nimekaa juu ya bidon ya maji.

Uchungu ulianza jogoo ya kwanza. Virginie, accoucheuse, mukunga wa centre de santé, yuko ndani na Mama Tamar. Walitufukuza saa moja, mimi na papa mukwe pamoja, na hofu yetu. Tulisimama mbele ya mulango kama watu wanangoja kulipwa. Halafu Papa akaleta kisanduku ya vyombo na akasema, bon, tuone.

Alinyanyua gurudumu ya mbele juu ya kitako cha muti. Akashika fourche na mikono mbili, akavuta kwake, akasukuma. Tak. Akavuta tena. Tak. Akanishikisha mimi nisikie. Écrou, nati ya shingo ya guidon, ilikuwa imelegea tangu siku pikipiki ilitolewa mu sanduku na kufungwa. Alikaza robo ya muzunguko. Ikanyamaza.

Nikamuuliza kama ugonjwa yote ilikuwa ile. Akasema sehemu kubwa. Ingine ni mikono yangu, nashika kama mutu anakabwa. Nikamuuliza kama basi amortisseur haifai tena. Alisikiliza kwanza mulango. Séphora alikuwa analia. Akasema inafaa, nipe clé, spana ya kumi na tatu.

Tuliifunga. Alikata vyuma toka musumeno ya zamani ya mbao, akatoboa, akapima na kamba, akapima tena. Kila upande guidon inafika mwisho yake kabla ya pompe kufika mwisho yake, na kidole yangu inapita katikati. Kulia pia. Mimi nilitaka clic sita, yeye kumi na mbili. Tukakubaliana tisa. Alienda nayo mpaka ku avenue na kurudi, akiwa na mukono moja juu ya paja, chapeau ku kichwa. Guidon imetulia kama meza.

Saa ine Virginie alitoka kunawa. Mutoto amekaa vibaya kidogo, anasema. Atajaribu kumugeuza. Kama saa sita inafika na mutoto hajatoka, ni hôpital. Nikauliza, na gari? Ambulance ilichukuliwa na basoda jana, haijarudi. Akaangalia pikipiki. Sisi wote tukaiangalia.

Papa Kasonia aliingia mu salon, akatoka na kitambaa na coussin ya kukalia ya Mama Tamar, akaifunga ku kiti ya nyuma na chambre à air. Akageuza pikipiki, uso ku mulango wa barabara. Akaniambia nitashika polepole, vidole tu, na yeye atakimbia kando.

Kilomètre tatu. Eko na miaka soixante-deux, sitini na mbili. Nikasema ndiyo Papa.

Sasa kila kitu iko tayari na hatuna kazi. Amechuchumaa karibu na guidon. Anazungusha kibouton, clic, kulegeza, juu ya uzito ya watu wawili. Halafu anairudisha, clic. Halafu analegeza. Namuacha.

Saa tano na dakika makumi ine.

Ndani kumenyamaza. Si kunyamaza ya kati ya uchungu, ingine. Kidole ya Papa iko juu ya kibouton, haisogei. Ameniuliza tuko ku clic ngapi. Sijui, Papa, nilikuwa sihesabu. Hata mimi, amesema.

Mulango unafunguka, ni Mama Tamar, mikono yake imebeba mutoto: analia, anakataa na kichwa, na ndani nasikia Séphora anacheka.