Yeye Ana Leseni, Mimi Nina Macho

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, mimi si mtu wa maneno na shule niliishia njiani, ukiona barua inakwenda kama gari lisilo na breki nisamehe.

Nafanya kazi kwenye karakana ya fanicha, tunawapelekea wateja vitanda na makabati kwa pikapu, dereva ni mjomba wangu, ndiye aliyenilea na ndiye aliyeniombea kazi, hapo mimi wananiita Kimya. Nina leseni ya kujifunzia, na sheria inasema mwanafunzi asiendeshe bila mtu mwenye leseni kamili pembeni yake, basi mjomba anakaa pembeni, mimi naendesha na vibao vya L mbele na nyuma, mafundi wanacheka, "Kimya, hiyo L itaota mizizi, mtihani lini?" nami nacheka tu.

Ukweli, mshauri, mjomba haoni vizuri. Hajaniambia, nimeona mwenyewe, maana mimi nisiposema huwa natazama. Ufunguo mezani anautafuta kwa kupapasa, namba ya nyumba ya mteja ananiambia "isome wewe, ujizoeze," na juzi kwenye kivuko cha waenda kwa miguu akasema "twende, kweupe," nami nikafunga breki, kitanda kikagonga bodi huko nyuma, akafoka, "Mbona umesimama?" Nikasema, "Kuna mama anavuka, mjomba." Akasema, "Si nimemwona!" Mama alikuwa na mwavuli mwekundu mkubwa kama hema, na mjomba alikuwa anatazama upande mwingine.

Sasa bosi anataka nifanye mtihani wiki hii, alama za barabarani nazijua, gari nalimudu, ila mjomba kanivuta nyuma ya rundo la mbao akasema, "Mpwa wangu, haraka ya nini? Mwambie hujaiva. Sisi tuko sawa hivi hivi." Nikamwelewa. Yeye ana leseni, mimi nina macho, tukiwa pamoja ni dereva mmoja, nikipata leseni yangu bosi hana haja naye, na huyo ndiye baba niliyemjua. Nikifaulu nimemtupa, nisipofanya nazidi kumficha. Nifanyeje?

Kimya

*

Kimya mwanangu, kwa mtu asiye na maneno umesema mengi, na umeyasema vizuri. Pole. Kumpenda aliyekulea si kosa.

Ila nikukaripie kidogo. Sheria haikumweka mtu pembeni ya mwanafunzi ili apambe kiti. Yuko pale aone usichokiona, apige kelele kabla hujaharibu. Wako kasema "kweupe" na mtu yuko katikati ya barabara! Kwa hiyo wewe unaendesha peke yako, mwanangu, kibao cha L kinawadanganya watu tu. Siku utakayochelewa wewe, wa pili hayupo. Na yule mama mwenye mwavuli naye pengine kuna mpwa anamsubiri nyumbani.

Halafu barua nzima hukutaja daktari wa macho hata mara moja. Mnafichana ugonjwa ambao jina lake hamlijui! Huenda ni miwani tu, huenda ni mtoto wa jicho na unatibika. Huenda ni zaidi, sijui, nami si daktari. Vyovyote iwavyo, asikae tena kwenye kile kiti mpaka apimwe.

Kesho usiwashe gari. Asubuhi, kabla mafundi hawajashika randa, kaa naye pembeni umuulize kwa adabu, "Mjomba, ule mwavuli ulikuwa rangi gani?" Kisha nyamaza, hiyo kazi unaiweza. Atafoka. Mwache afoke, usijibu, usiondoke. Akimaliza, nendeni kwa bosi pamoja, na mjomba aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, aibu itapungua. Kwa miaka aliyoendesha bila shaka anawajua wateja wote, anajua kabati linafungwaje lisichubuke njiani. Aombe kazi ya kufunga mizigo na kupokea wateja. Bosi anaweza kukataa, sikufichi, lakini heri akatae leo kuliko kuwafukuza wote wawili baada ya ajali.

Mtihani ufanye, na usijifanye hujaiva. Mjomba akusindikize. Akiuliza mtakwendaje, mwambie kwa miguu, umpe bega lako alishike, na njiani mpitie hospitali ya macho kwanza.