Mgongo wa Shingo ya Gitaa

Kabianga,
Jumapili baada ya kanisa

Kwako ndugu yangu Ogada,

Sisi hatujambo. Mvua ya mawe ilipiga chai wiki jana lakini imeanza kuchipua. Mdogo wetu wa mwisho ameng'oka jino na anamwonyesha kila mgeni.

Usikasirike, nimetoa gitaa lako chini ya kitanda. Nyuzi zilikuwa juu mno, zikiniumiza vidole. Nikazishusha zote kwa skrubu ndogo zilizo chini yake, zikawa sawa kwa rula, lakini za katikati zikaanza kugusa vile vyuma vya shingoni na kukwaruza. Ndipo nikaona shingo si bapa kama meza. Ina mgongo katikati. Nikakata kadi ya manila ifuate mgongo huo, kisha nikapandisha kila uzi kwa skrubu yake mpaka ukafuata kadi. Mkwaruzo ukaisha.

Baba akanikuta nalo. Tangu akufukuze kwa kupiga muziki wa benga kwenye baa, hataki hata kuliona, kwa hivyo niliogopa atalivunja. Alilichukua, akabonyeza nyuzi.

"Adongo, zimekuwa laini hivi? Huyo ndugu yako alikuwa anapiga kamba za kuanikia nguo!"

Akaketi, akapiga benga, taratibu. Sikujua anaijua. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

Alipomaliza alinirudishia.

"Usilirudishe chini ya kitanda, kuna unyevu. Mwenyewe akikuja Krismasi alikute sawa."

Ni yeye aliyesema, Ogada, si mimi.

Mdogo wako anayekungoja,
Adongo